Namba na Mwandiko Wake: Sifa za Namba Nzima katika Vizio Visivyo vya Kawaida

Ikisiri

Makala hii inaeleza sifa za namba nzima pindi zinapoandikwa katika vizio vingine mbali na kizio cha kumi. Inatofautisha sifa ambazo ni za namba yenyewe na zile ambazo ni za mwandiko wake tu. Inachunguza vizio vitatu visivyo vya kawaida, yaani kizio mseto, kizio hasi na kizio cha tatu cha mizani. Na mwishowe inaonyesha kwamba majina ya namba ya Kiswahili yamebeba ndani yake kizio cha kumi kwa namna ambayo mwalimu na mwanaistilahi hawana budi kuizingatia.

1.0 Utangulizi

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na huchezwa kwa kete 64. Mchezaji akizipanga kete hizo nane kwa nane atapata mraba kamili, awe anajua kusoma au hajui. Akizigawa nusu kwa nusu, na nusu ya nusu, na kuendelea hivyo, atafika kwenye kete moja bila kubakiza kitu. Mambo haya mawili ni sifa za idadi ile, na hayategemei maandishi yoyote.

Sasa na ichukuliwe kwamba karani mmoja anazihesabu kete hizo kwa kuzifunga mafungu ya kumikumi. Ataandika 64. Karani wa pili, anayezifunga tanotano, ataandika 224. Wa tatu, anayezifunga nanenane, ataandika 100. Kete hazikuongezeka wala hazikupungua. Kilichobadilika ni mwandiko. Hata hivyo, ni jambo la kawaida kusikia sifa za mwandiko zikitajwa kana kwamba ni sifa za namba. Mkanganyiko huu unafanana na ule ambao mwanaisimu huuonya anapotenganisha neno na kirejelewa chake: silabi mbili za neno mti hazifanyi mti uwe na sehemu mbili.

Lengo la makala hii ni kuuondoa mkanganyiko huo. Njia inayotumika ni kuihamisha namba kutoka kizio kimoja hadi kingine na kutazama kipi kinasalia na kipi kinapotea njiani.

2.0 Kizio na Thamani ya Nafasi

Katika makala hii, kizio kina maana ya idadi ya vitu vinavyofungwa pamoja ili kupata fungu moja la daraja la juu. Katika kizio cha kumi, mamoja kumi hufanya kumi moja, makumi kumi hufanya mia moja, na kadhalika. Katika kizio cha tano, mamoja matano hufanya fungu moja la tano, na mafungu matano ya namna hiyo hufanya fungu moja la ishirini na tano. Kwa hiyo tarakimu 224 katika kizio cha tano zina maana ya 2×25 + 2×5 + 4, yaani 64.

Njia ya kupata tarakimu hizo ni kugawanya mfululizo na kuandika baki. Kwa mfano, 38 ikigawanywa kwa 5 hutoa 7 na baki 3. 7 ikigawanywa kwa 5 hutoa 1 na baki 2. 1 ikigawanywa kwa 5 hutoa 0 na baki 1. Baki hizo zikisomwa kuanzia ya mwisho, hupatikana 123. Kwa kuwa kila tendo la kugawanya lina jibu moja tu na baki moja tu, kila namba nzima ina mwandiko mmoja tu katika kizio kilichochaguliwa. Upekee huu ndio unaoufanya mwandiko uaminike. Laiti namba moja ingeweza kuandikwa kwa namna mbili katika kizio kilekile, daftari la hesabu lingekuwa chanzo cha ugomvi.

Yafaa kusisitizwa kwamba tarakimu ya mwisho si chochote ila baki ya namba ile inapogawanywa kwa kizio. Msemaji wa Kiswahili huitumia kanuni hii kila siku anapohesabu saa. Saa tano baada ya saa kumi ni saa tatu, kwa kuwa 15 ikigawanywa kwa 12 hubakiza 3.

3.0 Sifa za Namba na Sifa za Mwandiko

Sifa ya namba yenyewe ni ile inayoweza kuelezwa kwa vitu vyenyewe bila kutaja tarakimu. Namba ni shufwa iwapo vitu vyake vyaweza kugawanywa mafungu mawili yaliyo sawa; ni witiri iwapo hubaki kimoja. Namba iliyo kubwa kuliko 1 ni tasa iwapo vitu vyake haviwezi kupangwa katika mstatili wowote ila mstari mmoja. Kokoto kumi na tatu hazipangiki vingine, ziandikwe 13, au 23 katika kizio cha tano, au 1101 katika kizio cha mbili. Utasa hauhami.

Kinyume chake, kanuni nyingi zinazofundishwa darasani ni za mwandiko. Kanuni isemayo kwamba namba inayoishia kwa 0, 2, 4, 6 au 8 ni shufwa ni ya kweli katika kizio cha kumi kwa sababu kumi yenyewe ni shufwa: makumi, mamia na maelfu yote hugawanyika kwa mbili, hivyo uamuzi huachiwa mamoja. Katika kizio cha tano kanuni hii huanguka. Namba 38 ni shufwa, lakini mwandiko wake 123 unaishia kwa 3. Namba saba ni witiri, lakini mwandiko wake 12 unaishia kwa 2. Katika kizio hicho, kinachoamua ni jumla ya tarakimu zote: 1 + 2 + 3 = 6, ambayo ni shufwa, kwa hiyo namba ile ni shufwa.

Sababu yake ni ileile inayoeleza kanuni mashuhuri ya tisa. Katika kizio cha kumi, namba hugawanyika kwa 9 iwapo jumla ya tarakimu zake hugawanyika kwa 9. Kanuni hii mara nyingi hutajwa kama maajabu ya namba tisa, ilhali tisa haina ajabu lolote hapa isipokuwa ujirani wake na kumi. Kila fungu la kumi ni tisa na moja. Kila mia ni tisini na tisa na moja. Zikiondolewa tisa zote, kila fungu huacha kitu kimoja, na vitu hivyo vilivyoachwa ndivyo vinavyojumlishwa katika jumla ya tarakimu. Katika kizio cha nane, heshima hiyo huhamia kwa saba. Katika kizio cha tano, kwa nne, na kwa hiyo pia kwa mbili iliyo kigawo cha nne. Tisa ikihamishwa kutoka kizio cha kumi hupoteza cheo chake.

4.0 Mwandiko Unapofichua Namba

Haifai, hata hivyo, kuhitimisha kwamba mwandiko ni pambo tu. Kuna wakati ambapo sifa ya mwandiko, ikifuatiliwa katika vizio vyote kwa pamoja, hugeuka kuwa sifa ya namba yenyewe. Mfano mzuri ni wa namba zinazosomeka sawa kutoka kushoto na kutoka kulia, ambazo katika makala hii zitaitwa namba kioo.

Kwamba 2002 ni namba kioo ni jambo la mwandiko wa kizio cha kumi. Katika kizio cha tano mwaka huo huandikwa 31002, na ukioo umetoweka. Basi na liulizwe swali pana zaidi: je, iko namba ambayo si kioo katika kizio chochote? Hapana budi kuweka mipaka. Kila namba iliyo kubwa kuliko 2 huandikwa 11 katika kizio kilicho pungufu yake kwa moja, na katika kila kizio kilichoizidi huandikwa kwa tarakimu moja tu. Hayo ni maumbo yasiyoeleza kitu. Kwa hiyo, kwa namba yoyote n, vizio vya kuchunguzwa ni vile vya kuanzia 2 hadi n – 2.

Namba 19 ni mojawapo ya hizo zinazotafutwa. Katika kizio cha mbili huandikwa 10011, cha tatu 201, cha nne 103, cha tano 34, cha sita 31, na hivyo hivyo hadi kizio cha kumi na saba, ambamo huandikwa 12. Hakuna kioo hata kimoja. Namba 11, 47 na 53 nazo zina tabia hiyo. Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba zote nne ni tasa, na hilo si kwa bahati. Kila namba ya aina hii iliyo kubwa kuliko 6 lazima iwe tasa.

Uthibitisho wake ni mfupi. Ichukuliwe namba isiyo tasa, iliyo zao la a na b, ambapo a si chini ya 2 na b imeizidi a kwa zaidi ya moja. Zao hilo ni sawa na a×(b – 1) + a. Maana yake ni kwamba katika kizio cha b – 1 namba hiyo huandikwa kwa tarakimu mbili zinazofanana. Kwa mfano, 64 ni 4×16, kwa hiyo katika kizio cha kumi na tano huandikwa 44. Yanabaki mambo mawili. Kwanza, namba ambayo ni mraba wa namba tasa, kama 25, huandikwa 121 katika kizio kilicho pungufu kwa moja ya ile tasa; 25 katika kizio cha nne ni 16 + 8 + 1. Miraba miwili midogo hutazamwa peke yake: 9 ni 1001 katika kizio cha mbili, na 4 haimo katika madai kwa kuwa haizidi 6. Pili, zao la namba mbili zinazofuatana, kama 3×4, daima lina njia nyingine ya kugawanyika, kama 2×6, isipokuwa 2×3 ambayo ndiyo 6 yenyewe. Hivyo kila namba isiyo tasa iliyo kubwa kuliko 6 ina kioo chake mahali fulani.

Kinyume cha kauli hii si kweli. Namba 13 ni tasa, na bado ina kioo: ni 111 katika kizio cha tatu.

5.0 Vizio Visivyo vya Kawaida

5.1 Kizio mseto

Si lazima kila fungu liwe na ukubwa ule ule wa kufungia. Katika kizio mseto, kila daraja lina kizio chake. Sekunde 60 hufanya dakika, dakika 60 hufanya saa, lakini saa 24 hufanya siku. Katika biashara ya pwani ya Afrika Mashariki, rupia moja ilikuwa na anna 16, na anna moja pesa 4, hivyo rupia ilikuwa na pesa 64. Pesa 100 ziliandikwa rupia 1, anna 9, pesa 0. Nguo na boriti zilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini-ishirini.

Mifumo hii mara nyingi hudhaniwa kuwa ya ovyo kwa kulinganishwa na mfumo wa desimali. Hisabati yake inaonyesha vingine. Namba 64 hugawanyika nusu kwa nusu mara sita. 100 hugawanyika hivyo mara mbili tu, kisha hufika 25. Muuzaji wa rupia ya pesa 64 aliweza kutoa nusu, robo, thumni na hata nusu ya thumni bila kuvunja pesa. Mwaka 1904, utawala wa Wajerumani ulipoigawa rupia yake katika heller 100, ulirahisisha uandishi wa vitabu vya hesabu, lakini thumni ya rupia ikawa heller 12 na nusu. Badala yake, sehemu ya tano ya rupia, ambayo haikuwezekana kwa pesa 64, iliwezekana. Kila kizio huleta vigawo vyake na huondoka na vigawo vyake.

Kizio mseto chaweza pia kujengwa kwa makusudi. Mwaka 1869 Georg Cantor alichunguza mifumo ya aina hii kwa ujumla wake. Mmojawapo una nafasi zenye thamani ya 1, 2, 6, 24 na kuendelea, kila moja ikipatikana kwa kuzidisha iliyotangulia kwa 2, kisha 3, kisha 4. Nafasi ya kwanza haizidi tarakimu 1, ya pili 2, ya tatu 3. Namba kubwa kabisa kwa nafasi tatu ni 1 + 4 + 18, yaani 23, na nafasi ya nne inaanzia 24. Hapana pengo wala mgongano. Kete 64 za bao huandikwa humo 2220.

5.2 Kizio hasi

Mwaka 1885 Vittorio Grünwald wa Italia alieleza jinsi ya kufanya hesabu katika kizio kilicho chini ya sifuri. Katika kizio cha hasi kumi, thamani za nafasi ni 1, –10, 100, –1000, na kuendelea kwa kupishana. Kwa lugha ya duka, ni daftari ambalo safu moja ni ya mali na inayofuata ni ya deni. Namba 64 huandikwa 144, yaani 100 – 40 + 4. Namba 25 huandikwa 185, na hasi 25 huandikwa 35, yaani –30 + 5.

Sifa tatu za mfumo huu zinastahili kutajwa. Ya kwanza ni kwamba namba chanya na namba hasi zote huandikwa bila alama yoyote ya kutofautisha. Ya pili ni kwamba ishara ya namba iliyo tofauti na sifuri hujulikana kwa kuhesabu tarakimu: zikiwa witiri, namba ni chanya, zikiwa shufwa, ni hasi. Ya tatu inahusu kugawanyika. Kwa kuwa kumi ni pungufu ya kumi na moja kwa moja, katika kizio hiki kanuni ya kujumlisha tarakimu huihudumia 11 badala ya 9. Namba 33 huandikwa 173, na 1 + 7 + 3 ni 11. Kanuni ya kujumlisha na kutoa kwa kupokezana, ambayo wanafunzi huikariri kwa ajili ya kugawanya kwa 11, hapa huwa jumla ya kawaida.

5.3 Kizio cha tatu cha mizani

Muuza nafaka mwenye mizani ya vitanga viwili anahitaji mawe mangapi ili apime kila uzito mzima kuanzia kilo 1 hadi 40? Swali hili limo katika kitabu cha Bachet kilichochapishwa Ufaransa mwaka 1612. Jawabu ni mawe manne tu: ya kilo 1, 3, 9 na 27, mradi yaruhusiwe kuwekwa katika vitanga vyote viwili. Kupima kilo 5, jiwe la 9 huwekwa kitanga kimoja, na mawe ya 3 na 1 hukaa pamoja na nafaka.

Huu ni kizio cha tatu chenye tarakimu tatu: moja, sifuri na hasi moja. Kila jiwe ama linasaidia, ama limeachwa, ama linapinga. Namba 64 hupatikana kwa 81 – 27 + 9 + 1. Kama ilivyo kwa kizio hasi, namba chanya na hasi zina hadhi moja. Kuigeuza namba kuwa kinyume chake ni kuvibadilisha vitanga tu. Mwaka 1958 kompyuta iitwayo Setun, iliyobuniwa chini ya uongozi wa Nikolay Brusentsov katika Chuo Kikuu cha Moscow, ilijengwa kwa kufuata mfumo huu badala ya kizio cha mbili.

6.0 Kizio ndani ya Majina ya Namba ya Kiswahili

Hadi hapa, namba imetenganishwa na tarakimu. Inafaa sasa kuitenganisha na jina lake. Jina kumi katika Kiswahili ni jina la idadi, si jina la umbo 10. Kwa hiyo umbo 10 la kizio cha tano haliwezi kusomwa "kumi". Linasomwa "moja, sifuri katika kizio cha tano", na idadi yake ni tano. Vivyo hivyo, 13 ya kizio hicho si "kumi na tatu" bali "moja, tatu", na idadi yake ni nane. Mwalimu anayesoma "kumi na tatu" amekwisha kuirudisha namba katika kizio cha kumi kabla ya somo kuanza.

Kizio cha kumi kimejificha katika majina haya kwa viwango tofauti. Moja hadi tano, nane na kumi ni maneno ya Kibantu. Sita, saba na tisa yametoka Kiarabu na kuchukua nafasi ya maneno kama tandatu na kenda, huku fungate, saba ya zamani, ikibaki kuwa jina la siku saba za arusi. Majina ya makumi kuanzia ishirini hadi tisini nayo ni ya Kiarabu. Matokeo yake ni ya kushangaza kidogo: sitini, sabini na tisini huonyesha wazi uhusiano wake na sita, saba na tisa, kwa sababu pande zote mbili zimekopwa, lakini thelathini haionyeshi tatu, arobaini haionyeshi nne, wala hamsini haionyeshi tano. Mtoto asiyejua Kiarabu hana budi kuyakariri. Umbo makumi matatu lingemweleza mwenyewe kwamba ni mafungu matatu ya kumi.

Lugha jirani hutoa ushahidi mwingine. Katika Chichewa, sita ni zisanu ndi chimodzi, yaani tano na moja, na tisa ni zisanu ndi zinayi, tano na nne. Muundo wa tano na moja unapatikana pia katika Kiyao na Kimakua. Lugha hizi zimewahi kudhaniwa kuwa na hesabu duni kwa kukosa majina ya sita hadi tisa. Dhana hiyo haina msingi. Kilichomo ni kizio mseto: tano ndani ya kumi, sawasawa na anna ndani ya rupia. Upekee wa kila namba umehifadhiwa, na mtoto huelezwa na lugha yenyewe kwamba sita imejengwaje.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba ushufwa, utasa na umraba ni sifa za namba, na kwamba kanuni za tarakimu ya mwisho na za jumla ya tarakimu ni sifa za namba na kizio kwa pamoja. Imeonyeshwa pia kwamba vizio visivyo vya kawaida si michezo mitupu: kila kimoja hudhihirisha jambo ambalo kizio cha kumi hulifunika.

Kwa ufundishaji, haya yana maana moja kubwa. Hesabu ya shule ya msingi nchini Tanzania hufundishwa kwa Kiswahili, na ni katika lugha hii mtoto hupata maana ya kwanza ya namba. Akiambiwa kwamba shufwa ni namba inayoishia kwa tarakimu fulani, amepewa alama mahali pa maana. Siku atakapokutana na kizio kilicho witiri, kama cha tano, alama hiyo itamwacha njiani. Akiambiwa kwamba shufwa ni ile igawanyikayo mafungu mawili yaliyo sawa, ana kitu atakachokwenda nacho katika kizio chochote. Kazi ya mwanaistilahi ni kulinda mpaka huo katika maneno: namba iitwe namba, tarakimu iitwe tarakimu, na kumi ibaki kuwa jina la vitu kumi.